Kupitia madesa mara sita si kusoma

Wiki hii amekuja mwanafunzi mwingine, mwaka wa kwanza, macho mekundu kwa kukesha na madesa, yaani notisi za masomo. "Dokta, madesa nimeyapitia mara sita. Sapu imetoka wapi?" Sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli. Nikamwomba afunge daftari, anieleze damu inavyotoka moyoni kwenda kwenye mapafu na kurudi. Kimya. Nilipofungua slaidi tu: "Aa, hii naijua!"

Nimechoka kulisikia hilo. Kukitambua kitu ukikiona ni kazi moja. Kukitoa kichwani daftari likiwa limefungwa ni kazi nyingine, na UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, inadai hiyo ya pili.

Sisemi kurudia kusoma hakusaidii. Kunasaidia, na ndiyo maana kunadanganya. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke, Marekani, waliwapa wanachuo kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kukiona tena. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki wakaachwa mbali: asilimia 40 kwa 61. Na kabla ya hapo, hao waliorudia kusoma ndio walioamini zaidi kwamba watakumbuka! Kwa hiyo anayekesha na slaidi hajidanganyi makusudi. Alfajiri kichwa kimejaa kweli, hata tesiti ya saa mbili asubuhi anaweza kuipasua. UE ikifika, hamna kitu.

Namna ya kufanya ni fupi. Soma mada, funga, andika kwenye karatasi tupu, fungua, sahihisha kwa kalamu nyingine. Rudia kesho kutwa, halafu wiki ijayo. Mitihani ya miaka iliyopita vivyo hivyo: majibu yaangalie mwisho.

Lakini mada isipoeleweka kabisa, karatasi tupu huvunja moyo. Nimewahi kuwalazimisha wanafunzi mapema mno, wakaacha kuja. Siku hizi naanza kwa kuwaeleza upya. Nawaruhusu pia waandike kwa Kiswahili kwanza, ingawa mtihani ni wa Kiingereza, na bado sijaridhika kama nawasaidia au nawaongezea kazi.

Yule wa wiki hii aliandika mistari minne, miwili ikiwa sahihi. Anarudi Alhamisi. Daftari lake nitalishika mimi.