Mtoto hasemi, nimpeleke wapi? Maswali ambayo wazazi wa Nairobi huniuliza

Mimi si daktari. Ni mama wa kijana aliyepatikana na usonji, ile wengine huita otizimu, hali inayofanya mtoto apate shida kuwasiliana na kuhusiana na watu, akiwa amebakisha kidogo afike miaka 4. Tulianza kushuku akiwa na mwaka na nusu, kwa hivyo piga hesabu ya miezi tuliyopoteza. Tangu watu wajue, naulizwa maswali kanisani, kwa ngazi za ploti, juzi hata ndani ya matatu ya Kasarani. Haya ndiyo yanarudi sana.

Ana miaka 2 na hasemi kitu. Shosho anasema hata babake alichelewa. Si ningoje tu?

Usingoje. Ni kweli kuna watoto huchelewa halafu wanashika wenyewe, lakini hakuna mtu anaweza kaa kwa kochi akuambie huyu wako ni wale watashika ama ni wale wanahitaji usaidizi, hata shosho, na shosho amelea wengi.

Na usiangalie maneno peke yake. Akiitwa jina anageuka? Akifikisha mwaka anapunga mkono wa bye? Akiwa na miezi 18 anakuonyesha kitu kwa kidole, na si kwa sababu anakitaka, ni ndio na wewe ukione, ndege imepita juu, mama ona! Hiyo ya kidole mimi sikuijua kabisa. Wangu alikuwa ananishika mkono ananiburuta hadi kwa jagi ya maji, anauweka mkono wangu juu yake kama mwiko, bila kuniangalia usoni, na sisi tunacheka ati huyu kijana ni mjanja. Miaka 2 anafaa kuunganisha maneno mawili, "mama njoo", "taka uji". Kama alikuwa na maneno halafu yakapotea, umri wowote ule, hapo hakuna mjadala, nenda wiki hiyo hiyo.

Kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Wengi wetu chanjo ya surua ya miezi 18 ikiisha tunakitupa kwa droo. Kitoe ukisome.

Sawa, naanza na nini?

Masikio. Najua utaniambia anasikia, akisikia wimbo wa katuni anatoka mbio kutoka bedrumu. Hata wangu alikuwa hivyo. Lakini mtoto anaweza kusikia mlango ukigongwa na asisikie vizuri sauti nyembamba kama s na f, na bila hizo maneno yanamfikia kama redio ya stesheni mbali. Kipimo hakiumi, kuna kile cha kuweka kitu kidogo kwa sikio kinatoa milio na mashine inasoma sikio linavyojibu, na kuna kingine cha kubandika waya kichwani mtoto akiwa amelala. Ukienda kwa daktari wa watoto bila majibu ya masikio kuna uwezekano mkubwa atakurudisha ukayatafute, sasa si bora ufike nayo.

Nimejaza ile fomu ya maswali 20 kwa simu ikasema hatari ni kubwa. Ndio basi?

Hapana, pumua. Hiyo huitwa M-CHAT, ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30, na kazi yake ni kuchuja, kusema huyu aangaliwe vizuri. Alama 8 kwenda juu inamaanisha usikae, tafuta daktari. Na ikitoka alama ndogo lakini roho yako bado haijatulia, enda tu.

Nani hasa ndiye anasema huu ni usonji?

Daktari wa watoto mwenye uzoefu wa ukuaji, ama wa neva za watoto, ama wa akili wa watoto, ama mwanasaikolojia aliyesomea hiyo kazi. Mara nyingi ni kadhaa wakisaidiana na wale wa tiba ya usemi na okupeshono, ile ya kumzoesha mtoto shughuli za kila siku. Wapo hospitali ya Kenyatta, wapo Mathari, wapo Gertrude's kule Muthaiga, tofauti ni foleni na mfuko.

Kitu kilinishangaza ni venye wanacheza. Nilitarajia mashine. Kumbe daktari alikaa chini kwa kapeti na kigari na mapovu ya sabuni, anapuliza halafu anasimama ghafla, anangoja aone kama kijana atamwangalia ili aombe mengine. Hakumwangalia, aliangalia chupa. Halafu mimi nikaulizwa maswali mpaka nikachoka, mimba ilikuwaje, alilia akizaliwa, alipata manjano, alitembea lini, anapanga vitu kwa laini, analia kwa sababu ya kelele ya blenda? Wanatafuta mambo mawili yakiwa pamoja: shida ya kuwasiliana na kuhusiana na watu, na tabia za kurudiarudia ama hisia zilizo kali sana au hafifu sana. Ukiambiwa jibu kwa dakika 10 na mtu hajamgusa mtoto wala kumchezesha, tafuta mwingine. Sisi wa kwanza alitazama tu kutoka ng'ambo ya meza, akasema ni kudekezwa, tukapoteza miezi 8 tukijaribu kuwa wakali.

Si nilipie tu MRI tujue mara moja?

Hakuna picha ya kichwa wala kipimo cha damu kinachoonyesha usonji. MRI ama ile EEG ya mawimbi ya ubongo daktari ataagiza akiwa na sababu nyingine, kwa mfano mtoto ana kifafa, ama amepoteza uwezo aliokuwa nao. Muulize anatafuta nini kabla hujatoa M-Pesa.

Ni chanjo? Ama ni simu? Ama ni kwa vile nyumbani tunaongea Kikamba, Kiswahili na Kiingereza?

Chanjo hapana. Ile makala ya 1998 ya Uingereza iliyoanzisha hiyo stori ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010. Lugha tatu pia hapana, ongea naye ile lugha inakutoka kwa roho. Simu haileti usonji, lakini saa 4 za katuni ni saa 4 hakuna mtu ameongea naye, kwa hivyo punguza.

Nimepewa apointimenti ya miezi mitano mbele. Nikae hivyo?

Hapa ndipo nakasirikaga, kwa sababu hakuna mtu aliniambia: tiba haingoji jina. Mtoto aliyechelewa kusema anaweza kuanza tiba ya usemi leo hata kama bado haijulikani ni usonji ama ni nini, na ikija kuonekana haukuwa usonji hakuna kilichoharibika. Hata kabla ya hapo, nyumbani, kaa chini usawa wa macho yake. Fuata anachocheza, ukitaje kwa neno moja au mawili, "gari", "gari inaenda", halafu nyamaza umpe nafasi. Mpe ndizi kipande kidogo ili aombe kingine. Hata dada wa kazi mfundishe hivyo, maana ndiye anashinda naye.

Na kukatwa kamba ya ulimi? Maziwa ya ngamia?

Kamba ya ulimi iliyofungana inaweza kusumbua kunyonya ama kutamka, lakini haifanyi mtoto asielewe wala asigeuke akiitwa. Maziwa ya ngamia ya Eastleigh ni chakula kizuri tu, yachemshe kwanza maana mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa wa brusela. Kuna wenye wanauza sindano na matone ya kumaliza usonji. Hakuna dawa inayouondoa, na hao hawakosagi bei kubwa.

Asesimenti ya KISE, ile taasisi ya elimu maalum, na ya hospitali si ni kitu moja?

La. Hospitali inakuambia ni hali gani. KISE pale Kasarani na vile vituo vya EARC, vya kutathmini watoto kwa ajili ya shule, ambavyo vilianza 1984, vinaangalia mtoto asome wapi na asaidiwe vipi, na shule ikiwa na kitengo maalum itakuitisha hiyo ripoti. Ya tatu ni ile tathmini ya ulemavu ya kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, hiyo inafanywa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Piga kopi za kila karatasi, mimi nina faili imevimba kama ya kesi ya shamba.

Baba watoto hataki hata kusikia hiyo mambo.

Wangu alikataa karibu mwaka, ati naroga mtoto kwa mdomo. Niliacha kubishana. Siku ya bathdei ya binamuye, wamepishana wiki 3 tu, nikarekodi video mbili kwa simu, kila mtoto akiitwa jina na mtu aliye nyuma yake. Binamu aligeuka mara ya kwanza. Wetu aliitwa mara 6. Usiku nikampa simu nikaenda kuosha vyombo. Aliziangalia, akarudia, akakaa kimya, halafu akaniuliza apointimenti ni siku gani ndio aombe ruhusa kazini.