Deni, Dhambi na Kurudi kwa Mama

Kwa Kiswahili tunamsamehe mkosaji, tunasamehe na deni. Wengi hudhani deni limeingia hapo kwa mfano tu. Vibao vya udongo vya Mesopotamia, katika Iraki ya leo, vinatuonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyokuwa karibu tangu kale.

Mnamo 2400 KK hivi, Enmetena, mtawala wa Lagash, mji wa Wasumeri huko Mesopotamia, aliandikisha kwamba amemrudisha mtoto kwa mama yake, na mama kwa mtoto wake. Hilo si fumbo. Mkulima akishindwa kulipa shayiri aliyokopa, mwanawe alikwenda kutumika kwa mdai. Deni likifutwa, mtoto anarudi nyumbani. Wasumeri waliliita jambo hilo amargi, yaani kurudi kwa mama. Nimelifundisha neno hili kwa miaka mingi na bado linanigusa.

Katika karne ya 17 KK, Mfalme Ammisaduqa wa Babeli alifuta madeni ya shayiri na fedha ya watu wa kawaida. Mitaji ya wafanyabiashara hakuigusa. Mdai aliyekwisha kukusanya kwa nguvu alitakiwa arudishe, na akikataa, auawe. Moyo wa mdai haukuulizwa.

Torati ndiyo iliyouuliza. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaagiza maachilio ya madeni kila mwaka wa saba, kisha inamwonya mwenye mali asimnyime ndugu yake maskini kwa kuwa mwaka huo umekaribia. Onyo halikutosha. Wakopeshaji walifunga mikono, hata Hillel, mwalimu wa Kiyahudi, akaweka utaratibu wa kukabidhi deni kwa mahakama ili lisifutike, maskini wapate tena pa kukopa.

Katika Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, neno moja lilibeba deni na dhambi. Ndiyo maana Wakristo husali, “Utusamehe deni zetu.” Nayo Kurani, Al-Baqara aya ya 280, inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula hadi apate nafuu, na kumwachia deni kama sadaka ni bora zaidi.

Kwetu, utalisikia hilo msibani. Kabla ya maziko, msemaji wa familia husimama: anayemdai marehemu aje tuzungumze, na aliyekosewa naye, tunamwomba amsamehe.