Watafiti wa afya wakifika kijijini kwenu: maswali na majibu

Utafiti si kazi ya madaktari? Sisi wakulima unatuhusu nini?

Unawahusu sana, na mfano upo Kyela. Watafiti wa kituo cha Mbeya cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waliwafuatilia wanavijiji wa huko kwa miaka kadhaa, wakiwapima minyoo ya matende na virusi vya UKIMWI (VVU). Matokeo yalitolewa mwaka 2016: kwa wenye minyoo hiyo, kiwango cha maambukizi mapya ya VVU kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha wasio nayo. Minyoo hiyo haileti VVU, ila huenda inaufanya mwili uambukizwe kwa urahisi. Jambo hilo lisingejulikana kama wangepimwa watu wa mjini tu.

Ni nani hasa anayeachwa nje ya utafiti?

Mchimbaji mdogo wa Chunya, anayehama machimbo kila yanapokauka. Mfugaji wa Usangu aliye malishoni siku dodoso linapopita. Kibarua wa chai wa Mufindi au Rungwe, ambaye akikosa siku moja amekosa na ujira. Kiziwi asiyeletewa mkalimani wa lugha ya alama. Bibi wa Kisafwa ambaye Kiswahili cha fomu kinampita.

Husemwa kwamba watu hawa ni wagumu kufikiwa. Mimi naona ugumu uko kwenye ratiba: kliniki ya utafiti ikifungwa saa tisa alasiri, kibarua atafika saa ngapi? Na hasara yake ni kubwa. Vumbi la mwamba huharibu mapafu na kukipa kifua kikuu nafasi. Mchimbaji asipohesabiwa, hata mipango ya kumtibu itamsahau.

Kushirikishwa kunaanzia wapi?

Kabla maswali hayajaandikwa. Mkutano wa kijiji ni muhimu lakini hautoshi, kwa sababu wanawake na vijana wengi hukaa nyuma kimya. Ndiyo maana tafiti nyingine huunda bodi ya ushauri ya jamii. Wajumbe wake husema swali lipi linaudhi, msimu gani wa mpunga nyumba huwa tupu, na nauli kiasi gani inatosha. Kisha matokeo yarudishwe kijijini, kwa lugha ya kijijini.

Damu yetu inapelekwa wapi? Tumesikia habari za mumiani.

Hofu hiyo ni ya siku nyingi, na asichekwe mtu kwa kuuliza. Uliza inachukuliwa kiasi gani, inapimwa nini, itatunzwa wapi, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Majibu yawepo kwenye fomu ya ridhaa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba.

Nikikataa, nitanyimwa dawa zahanati?

Hapana. Una haki ya kukataa, hata kujitoa katikati bila kutoa sababu, na matibabu yako yanaendelea. Utafiti lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, na namba ya simu ya kupigia malalamiko iwepo kwenye fomu. Omba nakala ukae nayo nyumbani. Ukinyimwa, usiweke saini.