Je, wajua kwa nini pikapu kuukuu hugoma nyumbani, ikifika kwa fundi inawaka?

Kila aliyewahi kumiliki pikapu ya zamani anaijua aibu hii. Alfajiri umezungusha ufunguo mara saba, pikapu imetoa "tak!" na kunyamaza. Umewaomba vijana wa bodaboda wakusukume, injini imenguruma, umenyoosha hadi gereji. Fundi anapanda, anazungusha ufunguo mara moja: inawaka. Anazima, anarudia: inawaka. Anakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa jambo la kipuuzi.

Mjomba wangu aliishi hivyo kwa karibu miezi miwili na pikapu yake ya dizeli anayobebea nyanya kule Ilula, Iringa. Cha kwanza alinunua betri mpya, N70, na si kwa bei ya mchezo. Wiki nzima ikawaka vizuri, akatutangazia kwamba yamekwisha. Jumatatu ikagoma, matenga yamejaa mgongoni na mnunuzi anapiga simu.

Kilichomdanganya ni taa. "Taa zinawaka, honi inalia, basi umeme upo," alikuwa akisema, kisha kesho yake anailaumu betri ileile. Umeme upo, ndiyo, ila taa na stata, ile mota inayoizungusha injini hadi iwake, hazina kiu moja. Taa mbili kubwa za mbele huvuta ampea kama 10. Stata ya dizeli inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi kwa zile sekunde chache za kuizungusha injini. Sasa chukua mguso mmoja mbovu kwenye njia ya umeme, tuseme kichwa cha betri kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.02 tu. Kwa ampea 10 za taa, mguso huo unakula volti 0.2, jicho halioni tofauti yoyote. Kwa ampea 200 unataka kula volti 4. Betri ya volti 12 inabaki na 8 za kuipa stata, na stata ya dizeli yenye volti 8 hujikongoja tu, au haijongei kabisa. Volti 4 kwa ampea 200 ni wati 800, karibu sawa na pasi ya umeme, zote zinageuka joto hapo hapo kwenye kile kichwa. Ndiyo maana mafundi wa zamani humwambia mtu apige stata kisha washike vichwa vya betri: penye moto ndipo penye ugonjwa.

Na mguso mbovu ni kigeugeu. Mtikisiko wa barabara unaubana, ubaridi wa usiku unaulegeza, ukungu wa chumvi unakua taratibu kati ya risasi ya kichwa na risasi ya betri. Ukisukumwa na kuendesha kilomita tano za mashimo hadi gereji, umeshautibu kwa muda bila kujua. Basi kumpelekea fundi gari lililopona ni kazi bure. Ugonjwa wa namna hii hukamatwa ukiwa unauma.

Mjomba alipelekwa hatimaye kwa mzee mmoja fundi umeme, ambaye hata boneti hakufungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ikigoma inasemaje?"

"Haisemi kitu mzee, inagoma tu."

"Inasema. Ni kimya kabisa? Ni tak moja? Au tak-tak-tak-tak kama mvua ya mawe juu ya bati?"

Mjomba hakuwa na jibu. Akarudishwa nyumbani na kazi: siku ikigoma, awashe kwanza taa kubwa usiku au mbele ya ukuta, azungushe ufunguo, atazame mwanga na kusikiliza.

Mvua ya mawe, taa zikififia hadi karibu kuzima, maana yake betri imelala au vichwa vyake havishiki. Solenoidi, kile kikopo kilichobebwa mgongoni na stata, kinavuta na kufunga njia ya umeme mkubwa. Volti inaporomoka, kinaachia. Volti inapanda, kinavuta tena. Kimya kabisa huku taa zikiwaka humpeleka fundi kwenye swichi ya ufunguo, fyuzi, au ule waya mwembamba unaoiamsha solenoidi. Na kama injini inazunguka vizuri ila haishiki, stata haina kosa. Hayo ni ya mafuta, au ya plagi za kupasha kwenye dizeli.

Ya mjomba ilikuwa ile iliyobaki: tak moja, nzito, na taa hazikutikisika.

Hapo ndipo palipo patamu. Ndani ya solenoidi mna vipande viwili vya shaba vilivyokaa mbalimbali: kimoja kinatoka betri, kingine kinaingia kwenye stata. Ukizungusha ufunguo, sumaku inavuta pini yenye kisahani cha shaba kichwani, kisahani kinagonga vipande vyote viwili na kuviunganisha. Ile "tak" ni pini ikifika mwisho wa safari. Kila ugongaji unatoa cheche, na kila cheche inakula shaba kidogo. Baada ya miaka, vipande vimechimbika, kimoja kuliko kingine, na kisahani kinagonga upande mmoja huku upande wa pili kikiambulia hewa. Mlio upo, umeme haupiti, kwa hiyo taa hazina sababu ya kufifia. Kwa nini inawaka ukirudia mara ya nane? Kwa sababu kisahani hujizungusha kidogo kila mara, na bahati ikikiangukia, kinagusa kwa ukingo ambao haujalika. Kuigonga stata kwa spana kunasaidia kwa sababu hiyohiyo, au kwa sababu kaboni zilizokwisha ndani yake, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimeshtuka zikarudi mahali pake.

Mzee hakuharakisha kuifungua. Kwanza alichukua kebo nene ya kuazimia umeme, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, na kumwambia mjomba aendelee na safari zake za kijijini akiijaribu hivyo siku ikigoma. Waya wa hasi unaokwenda kwenye injini hukosa wa kuutazama, na ukioza unaleta matatizo yaleyale. Kebo ikiitibu, umepona kwa waya mmoja. Haikuitibu. Akafunga balbu ya indiketa, wati 21, kwenye waya mwembamba wa solenoidi, akaipitisha hadi ndani ya kebini. Siku mbili baadaye ikagoma, balbu ikawaka kali: amri ya ufunguo inafika. Mshukiwa akabaki mmoja.

Kabla ya kuigusa stata alivua kwanza kichwa cha hasi cha betri, maana ule waya mnene unaofika kwenye stata hubeba umeme saa zote na kwenye magari mengi hauna fyuzi. Spana ikigusa chuma ni moto. Akafungua kikopo na kutumwagia kiganjani vile vipande viwili. Kimoja kilikuwa kama kigae kipya. Cha pili kilikuwa na shimo jeusi lenye umbo la mwezi mchanga, limechimbwa karibu nusu ya unene wake. Vipya vilipatikana dukani siku hiyohiyo, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya betri.

Sasa inawaka kwa mguso wa kwanza. Mjomba hata hivyo bado anaiegesha kwenye mteremko, pua ikitazama barabarani, jiwe chini ya tairi la nyuma.