Droni Karibu na Mawingu: Kibali cha Nchi Moja Hakivuki Mpaka

Video za droni zinazopenya wingu na kuibukia juu yake zimezagaa mtandaoni, na kila zinaposambaa tunapokea maswali yaleyale: je, inaruhusiwa kurusha droni ndani ya wingu au juu yake? Wengi wanaouliza wana nia njema. Shida ni kwamba wamesoma kanuni za nchi moja, wakaenda kurusha katika nchi nyingine.

Marekani imeandika vipimo. Sehemu ya 107 ya kanuni zake za anga, iliyoanza kutumika Agosti 2016, inataka droni iwe angalau futi 500 (mita 152) chini ya wingu na futi 2,000 (kama mita 610) kutoka ubavuni mwake. Mahali inapoongozwa droni, upeo wa kuona usipungue maili 3, yaani kilomita 4.8 hivi. Kimo cha juu kwa kawaida ni futi 400, na watu hukariri hiyo 400 peke yake. Wingu likiwa futi 700, kikomo chako kimeshuka hadi 200.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/947, kwa urushaji wa kawaida usiohitaji kibali, inataja mita 120 na sharti la kuiona droni muda wote. Umbali wa kutoka kwenye wingu haumo. Australia nayo inakataza waziwazi kuingiza droni kwenye wingu au ukungu.

Hapo ndipo hutujia hoja kwamba Ulaya basi ni ruksa. Si ruksa. Droni ikishaingia kwenye wingu huioni, na ikiwa juu yake ukiwa chini, huioni vilevile. Picha kwenye skrini haihesabiki kuwa ni macho yako. Hili tumelirudia mpaka tumechoka. Aliyesimama kileleni, mawingu yakiwa miguuni pake, kweli ataiona. Lakini zile mita 120 hupimwa kutoka sehemu ya ardhi iliyo karibu zaidi na droni. Ikiupita mteremko na kuingia juu ya bonde, kikomo kinaweza kuvukwa bila droni kupanda hata kidogo.

Ndege inayotoka winguni kwa kilomita 220 kwa saa humaliza mita 610 kwa sekunde 10 hivi. Ndani ya sekunde hizo rubani atambue kitu kidogo cha kijivu, aamue, kisha ageuze. Helikopta za uokoaji huruka chini zaidi, mara nyingi hali ya hewa ikiwa mbaya. Na usitegemee kitufe cha kuirudisha droni ilikotoka: droni nyingi hupanda kwanza hadi kimo kilichowekwa, hata kama wingu liko hapohapo, na kamera za kukwepa vizuizi hazioni kitu kwenye ukungu.

Mwenye sababu ya kweli ya kukaribia wingu anaweza kuomba msamaha maalumu. Marekani maombi hupelekwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, kabla ya kazi, na inashauriwa iwe siku 90 kabla. Mwombaji aeleze atazionaje ndege nyingine, atafanya nini mawasiliano yakikatika, na nani atamsaidia kuangalia anga. “Nitakuwa mwangalifu” si maelezo. Anayekiuka anaweza kutozwa hadi dola 75,000 kwa kila kosa, kwa mujibu wa sheria ya 2024, na cheti chake kusimamishwa au kufutwa. Mruko mmoja unaweza kubeba makosa kadhaa. Ulaya kanuni ni ya pamoja, ila adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama.

Kuhusu mipaka, Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 8, unakataza chombo kisicho na rubani ndani kuruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hujisajili katika nchi ya kwanza ya Umoja huo atakayorushia. Usajili wa kwao haumsaidii.

Kimo cha wingu kisome kwenye taarifa ya hali ya hewa ya kiwanja cha ndege kilicho karibu. BKN007 maana yake ni mawingu mengi kwenye futi 700, ila zimepimwa kutoka kiwanjani, si kutoka ulipo wewe. Kama umesimama kwenye kilima kinachokizidi kiwanja hicho kwa futi 500, wingu liko futi 200 tu juu yako, na kwa kanuni ya Marekani droni haitoki mkobani.