Mazoezi mafupi ya nguvu: maana yake, na namna ya kuyapatia nafasi katika siku yenye shughuli

Mazoezi mafupi ya nguvu ni mazoezi ya vipindi. Mtu anakwenda kwa kasi kubwa kwa sekunde au dakika chache, anapunguza mpaka pumzi imrudie kiasi, kisha anaanza tena. Ukijumlisha kupasha viungo mwanzoni na kupoa mwishoni, mara nyingi hayazidi dakika 20. Kiini chake ni ukali wa vipindi. Ufupi unafuata wenyewe, maana hakuna mwili unaostahamili kasi hiyo kwa nusu saa mfululizo. Anayeruka kamba dakika nne huku anazungumza na jirani amefanya mazoezi mepesi ya dakika nne. Ni heri kuliko kukaa, lakini si haya tunayoyaeleza hapa.

Kipimo rahisi cha ukali ni pumzi. Mwisho wa kipindi cha kasi, akipita mtu akakutolea salamu, uitikie kwa tabu maneno mawili tu, usiweze kuendelea kumuuliza habari za nyumbani. Ukiweza, ongeza kasi. Njia ya pili ni mapigo ya moyo: toa umri wako katika 220, upate makisio ya kiwango cha juu. Mwenye miaka 40 anapata 180, na asilimia 85 yake ni 153 kwa dakika, yaani kama 38 ukihesabu kwa sekunde 15 shingoni au kwenye kifundo cha mkono. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, inaweza kupotoka kwa mapigo kumi au zaidi. Isitoshe, moyo huchelewa kupanda, kwa hivyo katika kipindi cha sekunde 20 pumzi inakwambia ukweli mapema kuliko mapigo.

Kwa nini dakika chache zifae? Katika kasi kubwa misuli inahitaji oksijeni kuliko inayofikishiwa, inalazimika kutumia akiba yake ya sukari haraka, na moyo unasukuma damu karibu na mwisho wa uwezo wake. Hali hiyo ikirudiwa wiki kwa wiki, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na seli za misuli zinaongeza mitokondria, sehemu zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Mwendo wa pole unaleta mabadiliko ya namna hiyo pia, ila unataka muda mrefu zaidi.

Mpango unaotajwa sana ni Tabata, kwa jina la mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1996. Wanaojaribiwa walikuwa vijana wenye mazoezi, juu ya baiskeli isiyotembea: sekunde 20 za kasi, sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane. Kasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba kufika mara ya nane mtu amekwisha nguvu. Ndiyo maana video zinazoitwa Tabata zikaenda dakika 20 hazina ukali ule. Anayezimaliza amekuwa akijiwekea akiba tangu mwanzo. Na kwa mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, Tabata si mahali pa kuanzia.

Wa kuanzia ni mpango wenye mapumziko marefu. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichapisha mwaka 2016 jaribio la wiki 12 kwa kundi dogo la wanaume wasio na mazoezi: vipindi vitatu vya sekunde 20 kwa nguvu zote, na dakika mbili za pole kati yake, vyote ndani ya dakika 10, mara tatu kwa wiki. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda karibu sawa na wa wenzao waliokwenda mwendo wa wastani dakika 45. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki au 75 hadi 150 za nguvu, na limeondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifike angalau dakika 10. Vipande vidogo vinahesabiwa.

Sasa siku yenyewe. Hapa Unguja na Pemba kikwazo kikubwa si zile dakika 10, ni jasho. Unyevu wa hewa ni mwingi, jasho halikauki, na mtu hawezi kurudi ofisini au dukani Darajani akiwa amelowa. Basi yafunge mazoezi na josho ambalo ungeoga hata hivyo: baada ya sala ya alfajiri kabla ya kwenda kazini, au ukirudi jioni kabla ya magharibi. Hapo muda unaopotea ni wa mazoezi peke yake, na jua pia ni dogo. Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, usifanye mchana kabisa.

Nyumbani uani panatosha. Pasha viungo dakika tatu hadi tano: tembea papo hapo, zungusha mabega, chuchumaa na kuinuka polepole mara kumi. Kisha sekunde 30 za kasi na sekunde 60 za pole, mara sita, ukibadilisha: kuchuchumaa na kuinuka haraka, kukimbia papo hapo magoti yakifika usawa wa kiuno, pushapu (asiyeweza chini aegemee ukuta au ukingo wa meza imara). Malizia kwa kutembea dakika tatu. Vaa viatu. Mkeka wa ukili juu ya vigae unateleza, na kurukaruka miguu mitupu juu ya saruji kunaumiza visigino na magoti.

Anayekaa ghorofani, kama kwenye majumba ya Michenzani, ana ngazi. Watafiti wa Kanada walijaribu mwaka 2019 watu kupanda haraka ngazi za ghorofa tatu, vidato 60, mara tatu kwa siku zikiachana saa moja hadi nne, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki sita uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka, si kwa mengi, lakini kwa kweli. Kukimbia iwe kupanda tu. Kushuka ni kwa pole na mkono ukutani. Ngazi za nyumba za kale za Mji Mkongwe ziachwe: zimesimama sana, vidato havilingani, na mara nyingi pana giza.

Pemba ina vilima, na kilima ni bora kuliko uwanja, kwa sababu kinakupa ukali bila ya kasi kubwa na mguu haupigwi sana chini. Panda kwa nguvu sekunde 30, rudi ukitembea, mara nne hadi sita. Wa pwani asubiri maji yapwe akimbie juu ya mchanga mgumu uliolowa. Mchanga mkavu unavuta kano ya kisigino, na wengi huumia hapo.

Makosa yanayoharibu mazoezi haya ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kutoa kila kitu katika kipindi cha kwanza, vilivyobaki vikawa vya kujikokota. La pili ni kukata mapumziko kwa pupa. Pumzi isiporudi, kipindi kinachofuata hakiwezi kuwa cha kasi. La tatu ni kila siku. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku moja kati, zinatosha, kwani misuli hujijenga inapopumzika. La nne ni kusimama ghafla: damu inabaki miguuni, kichwa kinazunguka. Na anayetaka kupunguza unene ajue kwamba dakika nne za Tabata hazichomi hata andazi moja. Sahani ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Ramadhani, yasogeze baada ya tarawehe, ukiwa umeshafuturu na kunywa maji, na upunguze vipindi kwa nusu. Kwa kasi namna hii kabla ya futari, mwili mkavu unaweza kuzimia.

Mwenye presha, kisukari, maradhi ya moyo au mimba azungumze na daktari kwanza. Dawa kama atenolol na bisoprolol huyashusha mapigo, kwa hivyo hesabu ya 220 haimfai anayezitumia. Mwenye kudunga insulini apime sukari kabla na baada. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kuruka mapigo, acha hapo hapo utafute matibabu.

Kwa wazee upo mpango mwingine, uliofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani: dakika tatu kutembea kwa haraka, dakika tatu kwa pole, mara tano, siku nne kwa wiki au zaidi. Ni nusu saa, haina kuruka, na uwanja tambarare kama Maisara unaitosha.