Kardinali na balozi wa Papa: ni kazi mbili tofauti

Tangu Protase Rugambwa, askofu mkuu wetu, atangazwe kardinali mwaka 2023, hapa Tabora hukosi kumsikia mtu akisema kwamba mzee huyo alikuwa balozi wa Papa nchi za nje. Hakuwa. Balozi alikuwa Rugambwa mwingine, Askofu Mkuu Novatus, aliyetumwa Angola, Honduras na New Zealand, akafariki mwaka 2025. Wote wawili ni wazaliwa wa Bukoba. Ukimkumbuka na Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali (1960), utawasamehe wanaochanganya.

Ukardinali si daraja takatifu. Madaraja ni matatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Papa humteua kardinali ili amshauri na, kiti kikiwa wazi, ashiriki kumchagua Papa mpya, mradi hajatimiza miaka 80. Ndiyo maana Protase alikuwemo Mei 2025 alipochaguliwa Leo XIV. Hata hivyo kofia nyekundu haimfanyi bosi wa majimbo ya wenzake. Sikiliza misa ya Jumapili jimboni kwake: padre akifika kwenye sala ya ekaristi humtaja Papa, kisha "Askofu wetu Protase". Ukardinali hautajwi.

Balozi wa Papa, yaani nunsio, ni mtumishi wa aina nyingine. Anawakilisha Kiti Kitakatifu, yaani mamlaka ya Papa ya kuongoza Kanisa, wala si ule mji mdogo wa Vatikani. Kwa serikali ni balozi kama wengine, anapeleka hati za utambulisho kwa Rais. Ila kwa maoni yangu kazi yake nzito ni ile isiyoonekana: jimbo likikosa askofu, yeye ndiye anayewaandikia watu kwa siri kuulizia padre fulani anaishije, anafundisha nini, fedha anazitunzaje. Akishachuja, hupeleka Roma majina, kwa kawaida matatu, na Papa ndiye anayeamua. Manunsio wengi hupitia chuo cha wanadiplomasia wa Kanisa kilichoanzishwa Roma mwaka 1701. Nunsio kwa kawaida ni askofu mkuu, lakini wa jimbo la kale lililobaki jina tu.

Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, japo ni nadra. Mario Zenari alifanywa kardinali mwaka 2016 akiwa balozi nchini Syria, vita vikiendelea, akabaki kituoni kwake.

Protase njia yake haikupita ubalozini. Alikuwa Askofu wa Kigoma kuanzia 2008, akaitwa Roma 2012 kwenye ofisi inayoshughulikia uinjilishaji, akawa katibu wake 2017. Aprili 2023 alirudishwa nyumbani kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Tabora, yaani wa kumrithi aliyepo, na Novemba akapokea kiti kutoka kwa Paul Ruzoka, ambaye naye alikuwa Askofu wa Kigoma kabla yake.

Kwa wanaoandika mabango ya mapokezi: kardinali ni Mwadhama, nunsio ni Mhashamu. Akija Zenari, andikeni Mwadhama.